Za, Bila Habari

Alhamisi usiku, Birkat al-Mauz, kiyoyozi kinakohoa,
goti langu juu ya mto,
na Ibtihaj anamwaga vibao vya herufi kwenye sinia la kahawa.
Ana mashindano Nizwa wiki ijayo:
shule nne, kombe moja la plastiki.
Mimi shangazi yake ndiye mshika kamusi.
Mchana natunza mafaili ya daktari wa meno;
usiku nasoma maneno ambayo hata Mwingereza
akikutana nayo njiani hayaamkii.

Anaweka *cwm*. Herufi tatu, irabu hakuna.
Neno gani hili lisilofungua mdomo?
Natafuta: bonde la duara lililochongwa na barafu.
Barafu! Jua limezama zamani
na ukuta wa nje bado unachoma kiganja.
*Zax*: kishoka cha kukatia vigae vya mawe.
*Qi*: pumzi ya uhai, ya kuazima kwa Wachina.
"Hii naipenda," anasema, "haina haja ya u."

Kisha, bila kuinua kichwa:
"Usinisomee maana, shangazi. Maana haina pointi."

Nikanyamaza. Lilinikwama
kama uzi wa nyama kwenye gego.

Ubao ulipobana akaanza kuchomeka vidogo.
Akaweka *ya*.
Ngoja, nikasema, hiyo yetu. Ya nini? Ya nani?
Kitabu: pea, tunda la Asia.
Akaweka *ka*, ile inayosukuma hadithi,
akaja, akala, akalala;
kitabu: roho ya Mmisri aliyekufa.
Akaweka *na*, mkono unaomshika mtu na mwenzake.
Kitabu: hapana.
Akaweka *la*, hapana yetu wenyewe,
na kitabu kikaniambia ni sauti ya muziki.

Halafu *za*.
Kipande cha pitsa.
Pointi kumi na moja.

Pitsa!
Mama yangu, Buyenzi, mtaa wa kumi na nne,
alikuwa hauzi mkaa kabla hajamaliza za zote:
za asubuhi, za watoto, za yule aliyelazwa,
za mvua, za jana, za mguu,
na mteja amesimama, gunia tupu mkononi,
anajibu nzuri, nzuri, nzuri,
ingawa mguu wenyewe umevimba kama papai.
Bibi yake Ibtihaj huyo.
Huyu hapa ana *haya*, ana *basi*, ana *njoo ule*.
Nikimuuliza habari za shule
ananijibu kwa Kiarabu, neno moja, mlango umefungwa.

"Nina takataka tupu," akasema.
Nikachungulia kibao chake:
f, l, j, a, na i mbili za bure.
Kamusi haisemi isipoulizwa, ndiyo sheria.
Nikainuka na goti langu, nikafungua dirisha.
Joto likaingia kama mgeni asiyepiga hodi,
na nyuma yake maji,
yale yapitayo chini ya ukuta kwenda kwenye migomba,
ambayo hatuyasikii kwa sababu hayanyamazi.

"Shangazi, kiyoyozi!"
Halafu akatulia.
Akaziweka moja moja, akipita juu ya a ya *ka*:
*falaj*.

"Watakataa. Hii si ya kwao, ni ya kwetu."
Nikafungua kitabu. Kidole kikatembea, kikasimama.
Ipo.
"Soma," akasema.
"Maana?"
"Soma tu."
Nikasoma: mfereji wa kale wa maji ya kumwagilia, Oman.
Tukacheka wote wawili; maji yako hatua nane,
nasi tunayathibitisha ukurasani.

Akaigusa *za* kwa ukucha.
"Na hii, kwetu, ni nini?"
Nikafikiri. Nikageuza kibao kana kwamba jibu lipo mgongoni.
Peke yake si kitu, nikamwambia.
Inangoja umuulize mtu.

Akanitazama ninavyokaa, polepole, nimeshika meza.

"Za goti?"

Nzuri, nikasema,
na lilikuwa linawaka moto.